Macho ni Mazima, Mbona Haoni? Barua Zenu kwa Mwalimu

Mwezi huu nimeweka kando barua za miwani na mtoto wa jicho. Nimepokea barua nne kutoka pande nne za pwani, na zote zinaniuliza jambo moja: mtoto amepimwa, macho yakaonekana mazima, lakini nyumbani haoni kama wenzake. Kwa msomaji mgeni, mimi ni mwalimu mstaafu wa watoto wenye uoni hafifu. Nimezunguka Kilifi na Kwale miaka 26, kwa matatu na kwa miguu, na mfuko mmoja begani.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 4. Alipozaliwa hakulia, akalazwa siku 9 akipewa oksijeni. Nimempeleka kwa daktari wa macho mara mbili, na mara zote naambiwa macho hayana neno. Lakini haniangalii usoni. Akilazwa chali hukodolea feni ya dari. Juzi tukifua nilimwona akifuata kwa macho beseni la njano lililokuwa likielea kwenye karai. Baba yake aliporudi nikamwonyesha beseni lile lile, mtoto hakuligeukia. Mawifi wanasema najipa matumaini tu. Je, anaona au haoni? Mama, Msambweni.*

Marahaba mwanangu. Ulichokiona kwenye karai ni kweli. Na kwamba baba yake alipokuja mtoto hakulitazama beseni, hilo nalo ni kweli. Kwa watoto wa aina hii mambo hayo mawili hukaa pamoja, na ndiyo maana mama huonekana mwongo.

Fikiria bandari ya Kilindini. Meli ikitia nanga na mzigo ukashushwa gatini salama, bado mzigo haujakufikia. Inatakiwa barabara ya kuutoa, na huko mjini wawepo watu wa kuufungua na kujua kilichomo. Jicho ni gati. Daktari wako alikagua gati akakuta liko sawa, hakukudanganya. Mzigo wa mwanao unakwama njiani, ndani ya ubongo, kwa sababu alipokosa hewa siku ya kuzaliwa ziliumia sehemu zinazopokea na kuchambua yanayoonekana. Hata tochi ya daktari haiwezi kuonyesha hilo, maana mboni husinyaa kwa mwanga kupitia njia fupi ya shina la ubongo, isiyofika kisogoni ambako picha huchambuliwa.

Kwenye faili huandikwa herufi CVI. Mimi huuita uoni hafifu wa ubongo. Huweza pia kuletwa na kuzaliwa kabla ya wakati, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, sukari kushuka mno kwa mtoto mchanga, maji kujaa kichwani au kichwa kuumia. Katika nchi tajiri ndio sababu inayoongoza ya watoto kutoona vizuri, kwa kuwa watoto wachanga waliokuwa wakifa sasa wanaokolewa. Na huku kwetu nao wanaokolewa, alhamdulillahi, kama alivyookolewa wako.

Sasa feni. Mwaka 1917 daktari wa jeshi la Uingereza, George Riddoch, aliandika habari za askari waliojeruhiwa kisogoni vitani. Upande mmoja wa upeo wao ulikuwa kiza: kitu kikitulia pale, hawakioni. Kikisogea, walijua kuna kitu kinapita, ingawa hawakuweza kusema kina umbo gani wala rangi gani. Ubongo una njia zaidi ya moja ya kupokea yanayoonekana, na ile ya mwendo huweza kusalimika wakati nyingine zimekatika. Feni inazunguka. Beseni lilikuwa linaelea. Tena lilikuwa la njano, na katika kazi yangu njano na nyekundu ndizo zilizowaita watoto wengi kabla ya rangi nyingine.

Na uso wako je? Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona akina mama wakilia kwa jambo hili. Uso ni kitu kigumu mno kwa ubongo. Una macho, pua, mdomo unaochezacheza, mtandio wenye maua, hereni, na wakati huo huo sauti inatoka humo humo. Mwanao hakukatai. Anayageuza macho ili apate kukusikia, maana kukusikia na kukutazama kwa mara moja kumemzidi. Vaa nguo ya rangi moja unapokuwa naye, valia bangili nyekundu ile ile kila siku, msogelee polepole, mwite jina lake kisha unyamaze. Mpe nafasi akufikie kwa hatua zake.

Je, anaona? Anaona, kwa masharti. Kazi yetu ni kuyajua masharti hayo, na hayajulikani kwa kukaa kitini kliniki dakika kumi. Mimi nililijua hili kwa kumkosea mtoto. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimpima msichana wa miaka 3 kwenye chumba chenye picha ukutani, redio dirishani na watu wazima watano waliokuwa wakizungumza. Hakugeukia kitu hata kimoja. Nikaandika kwenye ripoti: hana uoni. Wiki tatu baadaye nikafika kwao Kaloleni. Ua ulikuwa kimya, bibi yake amemkalisha kwenye mkeka usio na nakshi, nikamwona akinyoosha mkono kuchukua embe bivu lililokuwa mbele yake. Nilirudi ofisini nikaifuta ile ripoti. Lakini kwa wiki tatu familia nzima ilikuwa imeacha kumwonyesha chochote, kwa neno langu.

Kwa hiyo sasa huanza kwa kuuliza. Namuuliza mama, bibi, dada anayembeba mgongoni: hugeukia nini, saa ngapi, kikiwa umbali gani, upande gani? Kisha nakaa barazani nusu siku namtazama akila, akiogeshwa, akicheza, nami sisemi neno. Mwisho ndipo nafungua mfuko. Natandika kitambaa cheusi, naweka kitu kimoja anachokifahamu, nakitikisa kidogo, nanyamaza, nahesabu moja hadi 20 moyoni. Hesabu hiyo ni ndefu kuliko unavyodhani. Watu wazima wengi huondoa kitu wakifika 5, na mtoto ndio kwanza anaanza kukipata. Nakijaribu kulia, kushoto, juu, chini. Wengine hutazama, kisha hugeuza uso pembeni ndipo mkono uende kushika. Hiyo ni namna yao, usimgeuze kichwa kwa nguvu.

Mwalimu wa Marekani, Christine Roman-Lantzy, ndiye aliyeyapanga mambo haya katika tabia kumi za kuangalia: rangi, mwendo, kuchelewa kuitika, upande wa upeo, msongamano wa vitu, mwanga, umbali, ugeni wa kitu, namna ya kupepesa na namna ya kushika. Na upimaji hurudiwa, kwa sababu mtoto hubadilika.

Wewe nunua daftari la kurasa 32. Kwa wiki mbili andika kila alichokigeukia: ni nini, rangi gani, hatua ngapi kutoka kwake, kilisogea au kilitulia, kelele zilikuwepo, alikuwa ameshiba au ana njaa, na alichukua muda gani. Andika pia asichokigeukia. Siku ile na baba yake, je, beseni lilikuwa limetulia? Nyote wawili mlikuwa mkisema? Naamini jibu la mawifi zako limo humo. Daftari hilo lipeleke kwenye kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti, kule tunakokuita asesmenti.

Mambo mawili ya haraka. Akianza kujikunja ghafla mfululizo kama aliyeshtuka, hasa akitoka usingizini, usingoje, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, maana degedege la namna hiyo hupora uoni na akili. Na kliniki ya macho usiiache. Watoto hawa wengi wana makengeza, au wanahitaji miwani juu ya tatizo la ubongo. Hospitali ya Kikuyu, karibu na Nairobi, ina kliniki ya uoni hafifu iliyozoea watoto.

*Mwalimu, salamu kutoka Tanga. Binti yangu wa miaka 4 aliugua malaria ikampanda kichwani, akapoteza fahamu siku mbili. Alipozinduka hakuwa akiona kabisa. Baada ya wiki kadhaa alianza kuona mwanga, sasa ni miezi mitano, anatembea ndani bila kugonga ila nje anashindwa. Nimesikia ubongo wa mtoto hujitengeneza wenyewe. Pia kuna mtu ananiuzia matone ya kuamsha ubongo na taa ya kumulika machoni, bei yake ni mshahara wangu wa miezi miwili. Ninunue? Baba wa binti mmoja.*

Usinunue, kaka yangu. Pesa hiyo mwekee binti nauli ya kliniki.

Kuhusu ubongo kujitengeneza, neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini limezungushiwa biashara. Wataalamu husema unyumbufu wa ubongo, yaani uwezo wake wa kujipanga upya kufuatana na kazi unayopewa. Wakumbuka mvua za El Nino za mwaka 1997 zilivyokata barabara ya Mombasa kwenda Nairobi? Watu hawakukaa. Walitafuta vichochoro, na palipopitwa na wengi pakawa njia. Ubongo hufanya hivyo. Nyuzi za jirani zilizosalimika hushika kazi, na zikitumika mara nyingi huimarika. Lakini ni kule kupita kunakofungua njia, wala hakuna tone la dawa linalopita kwa niaba ya mtoto. Na kichochoro hakiwi barabara kuu, hilo nalo nakuambia mapema.

Katika ugonjwa wa binti yako yamechanganyika mambo mawili. La kwanza ni ubongo uliokuwa umeelemewa na ugonjwa kutulia, na hilo ndilo huelezea wepesi wa wiki za mwanzo. Upofu wa baada ya malaria ya kichwani mara nyingi hupungua kwa namna hiyo. La pili ni kujifunza upya, nalo huenda taratibu, kwa miezi na miaka. Ukiona mwendo umepungua baada ya mwezi wa tano usidhani umekwisha. Umeingia sehemu ya pili.

Kwa muda mrefu watu walidhani mlango hufungwa mapema. Chanzo chake ni David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Waliwafunga vitoto vya paka jicho moja katika miezi ya mwanzo. Walipolifungua baadaye, jicho lilikuwa zima lakini ubongo haukulitumia tena. Kweli kabisa, miaka ya mwanzo ina uzito wa pekee, na mtoto wa miaka 4 asicheleweshwe. Lakini habari haikuishia kwa paka. Nchini India, Pawan Sinha na wenzake katika Mradi wa Prakash waliwatazama watoto wakubwa na vijana waliozaliwa na mtoto wa jicho na kufanyiwa upasuaji wakiwa wamechelewa sana. Mwanzoni waliona mabaka tu, hawakujua kitu kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Vitu vikisogezwa, wakaanza kuvitenganisha. Baada ya miezi waliweza hata vikiwa vimetulia. Wale tatizo lao lilikuwa jichoni, si ubongo kuumia, basi usichukue matokeo yao kama ahadi kwa binti yako. Nimeyataja kwa sababu yanaonyesha kwamba kuona hufundishika hata baada ya umri ambao zamani tungekata tamaa, na kwamba mwendo ulikuwa mwalimu wa kwanza kwao pia.

Taa ya kumulika machoni haifundishi kitu. Inampa mwanga usio na maana, na kwa mtoto aliyewahi kupata degedege taa za kumetameta zina hatari. Ubongo hujifunza kwa kitu chenye maana kinachorudiwa. Mtafutie kikombe kimoja cha plastiki chekundu, kisicho na picha, awe anakunywea uji kila asubuhi. Kiweke mahali pale pale, juu ya kitambaa cheusi au cheupe kisicho na maua. Mwache akitafute, usimwekee mkononi. Akishakipata bila shida kwa wiki kadhaa, weka bakuli kando yake. Kisha sogeza kikombe nusu hatua. Ndiyo mazoezi yenyewe, na yamo ndani ya chai ya asubuhi ambayo ungemnywesha hata hivyo. Sikuwahi kuona mtoto aliyepiga hatua kwa saa moja ya mazoezi Jumamosi. Nimewaona waliopiga hatua kwa kikombe, sabuni, ndala na mlango.

Kwamba anatembea ndani na nje anashindwa, wala hakunishangazi. Ndani anakujua kwa moyo. Nje pana jua kali, watu, mbuzi, bodaboda, vivuli vya minazi. Mvalishe kofia yenye ukingo, anza naye alfajiri kabla barabara haijachangamka, pitieni njia moja tu, na mchague alama tatu za njiani za kuziona na kuzigusa. Hospitali ya KCMC pale Moshi ina idara kubwa ya macho. Nenda na orodha ya anayoweza na asiyoweza, usiende na swali la anaona au haoni.

*Mwalimu mwenzangu, nina mwanafunzi wa gredi ya 4, msichana wa miaka 10. Alizaliwa wa miezi saba. Amepimwa akasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho. Lakini akisoma kitabu anaruka mistari, akinakili ubaoni anapotea, anajikwaa kwenye ngazi, na mchana hamtambui mama yake langoni mpaka aitwe. Walimu wanasema ni mvivu. Mimi naona kuna jambo. Mwalimu, Malindi.*

Umeona vyema, mwalimu. Asante kwa kutomwacha.

Ubao wa herufi unauliza swali moja: herufi hii, peke yake, katika chumba kilichotulia, unaiona? Anaiona. Hakuna mtu aliyemuuliza kama anaweza kuipata herufi hiyo katikati ya mia tatu, huku darasa linapiga kelele. Daktari wa macho wa Glasgow, Gordon Dutton, ndiye aliyetufumbua macho wengi wetu juu ya watoto hawa. Picha ikishafika kisogoni hugawanyika: mkondo mmoja huelekea pembeni mwa kichwa kutambua kitu ni nini, mwingine hupanda juu kutafuta kiko wapi na kuongoza mkono na mguu. Kwa waliozaliwa kabla ya wakati sehemu zilizo karibu na vyumba vya maji vya ubongo huumia kirahisi, na mkondo wa juu hupita hapo hapo. Pamoja nao mara nyingi hupotea sehemu ya chini ya upeo. Ndiyo maana ngazi. Haoni miguu yake inakokwenda, na mwenyewe hajui kwamba haoni, maana hajawahi kuona vingine.

Mpime hivi, mkiwa wawili tu. Tandika kitambaa kisicho na nakshi, weka vitu vitatu, mwambie akupe ufunguo. Ongeza viwe vitano, nane, kumi na mbili. Utafika mahali atakapoanza kupapasa au kukisia. Idadi hiyo iandike, ndiyo kipimo chake cha leo. Kisha mwangalie akishuka ngazi: anashika ukuta? Anatangulizisha kidole cha mguu? Na muulize mwenyewe. Swali langu ninalolipenda ni: "Kitu gani ni rahisi kwa wenzako na kwako ni kigumu?" Msichana mmoja alinijibu, "Kumpata rafiki yangu saa ya mapumziko." Miaka minne alikuwa akicheza peke yake, na walimu wakiandika kwamba hapendi watu.

Darasani, tatizo lake haliponi kwa kukuza maandishi tu. Kuza nafasi: mistari iachane, ukurasa uwe na maswali mawili badala ya kumi. Mkatie kadi nyeusi yenye dirisha la mstari mmoja. Asinakili ubaoni, mpe karatasi. Mkalishe mbele, ukuta ulio mbele yake usiwe na mabango, na unapomweleza jambo usimtake akutazame. Langoni, mama avae leso nyekundu asimame penye nguzo ile ile kila siku, ampungie mkono. Ukingo wa ngazi upakwe rangi ya njano, na hiyo itawafaa watoto wote. Kisha mpeleke asesmenti mapema, mtihani wa gredi ya 6 usimkute bila barua ya kuongezewa muda.

Wale wanaosema mvivu, waambie wahesabu dakika anazotumia kwa kazi moja. Mimi sijawahi kukutana na mtoto mvivu mwenye CVI. Nimekutana na waliochoka.

*Mwalimu, mjukuu wangu ana uoni hafifu wa ubongo, yuko miaka 6. Asubuhi anaona hata punje ya wali. Jioni namwekea sahani anapapasa kama kipofu. Baba yake anasema anajifanya ili alishwe. Bibi, Unguja.*

Shikamoo bibi. Hajifanyi. Kuona kwake ni kazi, kama kubeba maji, na jioni mikono imechoka. Njaa, mafua, usingizi na kelele humpunguzia zaidi. Mle chakula mapema kabla wageni hawajaja, redio izimwe, sahani iwe ya rangi moja ya buluu au nyeusi ili wali uonekane, na mchuzi uwe kwenye bakuli lake. Mwambie mchuzi uko upande gani, kisha umwache. Akishindwa, mlishe, na usimlaumu. Kesho asubuhi atajilisha mwenyewe.